Bi Harusi wa Pili Amewika

Babu, mume wangu,

Shikamoo. Najua ungejibu, "Marahaba, mke mdogo, umeniletea nini?" Leo nimekuletea aibu yangu, ucheke.

Tangu tukuzike, banda lako nalifagia mwenyewe. Bibi amenuna, eti kwanza nilimnyang'anya mume, sasa nimemnyang'anya na kuku. Vumbi la dagaa la kuwalisha bado nalifuata mwaloni, kwa wavuvi, kila Jumamosi. Kiti chako cha kamba kipo palepale mlangoni mwa banda, ila sikikalii. Siwezi.

Unakumbuka macho yako yalipoingia ukungu? Nilidhani nakuazima yangu. Nashika kifaranga, wewe umekaa, na kila nikisema "huyu mzuri" unanikatiza: "Sijakuuliza uzuri. Upanga wa kichwani una rangi gani? Miguu minene au myembamba? Mabegani ameota manyoya au yuko uchi?" Nikikueleza unasema huyu jogoo, huyu tetea, na huyu baba yake ni yule kishingo wa jirani, atakataaje na shingo ya mtoto haina hata unyoya? Mtaa wetu wote wa Rusimbi ulileta makapu ya vifaranga chotara kwa mzee asiyeona. Ulikosea mara moja tu ninayoijua, na tutafika huko.

Sasa sikiliza. Bi Mwajuma wa hapa mtaani alimpa Mama Nestori wa Mwandiga kuku wake mweusi amfugie, vifaranga wagawane nusu kwa nusu, kama miaka yote ulipokuwa ukiwagawia wewe. Wametotolewa wanane. Wewe hupo, wakaniita mimi. Unawajua, wanataka wagawiwe mapema, kila kifaranga afungwe uzi mguuni, ili mwewe akishuka ijulikane amechukua wa nani. Niliogopa, Babu. Wale ni marafiki wa tangu usichana, lakini mwaka ule ulipolazwa walijigawia wenyewe, Bi Mwajuma akaambulia majogoo matupu, na hawakusalimiana mpaka ulipotoka hospitali.

Nikafika Mwandiga. Vifaranga wanane, weusi wote, wanne wana doa jeupe kisogoni. Moyo ukatulia. Si ulinifundisha kwamba mwenye doa ni jogoo? Nimeshafungua mdomo, nikakusikia: "Usinisomee mtoto kabla hujanionyesha wazazi." Nikaomba niletewe wazazi. Mama mweusi tii. Mwenye milia ni baba, tena chotara. Doa ni alama ya milia, na lina maana milia inapotoka kwa mama tu. Ikitoka kwa baba wa namna ile haikuambii kitu, majike na majogoo wanaipata vilevile.

Nikasema, "Sijui. Nitarudi baada ya mwezi."

Bi Mwajuma akaguna: "Babu yako angejua." Iliniuma njia nzima. Lakini kabla sijafika nyumbani nikakumbuka ni mara ngapi nimekusikia ukisema "sijui" mbele za watu, bila kujikuna. Sokoni kila mtu anajua kila kifaranga. Wewe waliokuamini walikuamini kwa sababu ulikuwa unakubali kusubiri. Hilo ndilo ninalokupendea zaidi, hata kuliko macho yako yalipokuwa mazima.

Mwezi ulipotimia nikarudi. Panga zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, na miguu imeanza kujieleza. Katika wale wenye doa, wawili tu ndio majogoo. Ningesema siku ile, ningewagombanisha tena. Nikatangaza majogoo wanne, tetea wanne, kila mama akachukua wawili wawili, nyuzi zikafungwa, wakanipa chupa ya mawese. Nilirudi nyumbani natembea kama mwenye mji.

Juzi asubuhi simu ikaita. Mama Nestori. Hakusalimia. Nikasikia jogoo anajifunza kuwika, sauti inakwaruza, kisha kicheko. "Bi Harusi wa pili huyo! Amepanda juu ya kuni zangu!"

Nikakaa chini. Tetea wake mmoja, yule asiye na doa, mwenye upanga mdogo uliopauka, kumbe ni jogoo. Nawe unamkumbuka Bi Harusi wa kwanza. Ulimwapia Mama Nestori kuwa ni tetea, akampa jina hilo, akamlea kwa mapenzi, kuku akawika. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukamchagua tetea bora bandani kwako, ukampelekea kwa miguu hadi Mwandiga.

Nilisubiri anitukane. Akasema, "Ego, ndiyo, sasa nimeamini. Wewe ni mjukuu wa yule mzee." Nikalia, Babu, simu ikiwa sikioni, na yule jogoo anaendelea kujaribu.

Kesho nampelekea Mama Nestori yule tetea wako wa kijivu, aliyeanza kutaga wiki uliyotuacha. Nilitaka abaki hapa, niwe namtazama. Nimejaribu kumchagua mwingine mara tatu, lakini bora ni yeye, na wewe ulipeleka bora. Nakuahidi, nisilolijua nitasema silijui, na nikikosea nitalipeleka kosa langu mwenyewe, kwa miguu.

Pumzika, mume wangu, Mungu akutunze huko kama ulivyotutunza. Bibi anakusalimu, bado kanuna. Nikirudi kutoka Mwandiga nitakaa kwenye kile kiti.

Mkeo mdogo,
Rehema