Kompyuta Ndogo Ndani ya Begi

Baba Exaucée,

Umetoka kwenye lindo umechoka, sikutaka kukuamsha. Sombe iko kwenye sufuria ya bluu. Gesi imekaribia kuisha, pasha upesi. ~~Samaki mwachie mtoto.~~ Samaki ule wewe, leo unastahili.

Asubuhi nimeinua begi langu la safari, nikaona ni jepesi. Nikajua umekataa kuninunulia kompyuta ya gemu kwa sababu ya yale maneno niliyokutupia dukani. Nikakaa kwenye kiti, nikanuna peke yangu huku wewe unakoroma. Kufungua begi, nikakuta ile ndogo uliyoichagua wewe, umeifunga vizuri ndani ya kitenge changu.

Ile kubwa yenye taa nyekundu niliitaka kweli. Lakini pale Mpondwe tunashuka kwenye basi na kuvuka mpaka kwa miguu, na mimi nina mzigo wa vitenge kichwani. Chaja yake tu ilikuwa kama tofali. Bega langu lisingefika Beni.

Hii nimeijaribu nikisubiri chai. Mpira wa kwenye gemu unachezeka bila kukwama, na haichomi mapaja. Nimepumua.

Mwambie Exaucée afue sare yake, asijifanye amesahau. Kesho jioni akuonyeshe namna ya kuingia uwanjani kwenye gemu kwa simu yako, tucheze wawili. Nitakuwa nimefika Butembo. Nitakufunga mabao matatu bila, halafu nitakuomba msamaha.

Mama Exaucée