Folda Iliyoachwa Wazi

Dada yangu mpenzi Ginka,

Salamu nyingi kutoka Pleven. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu umepunguza maumivu ingawa baridi imeanza. Shemeji Asen hajambo? Bado anagombana na mbuzi wa jirani? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, dada, uchovu ambao hata nikilala hauondoki. Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Ukisoma utaelewa.

Unajua kwamba huwa naisaidia ile nyumba ya wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Naitunza tovuti yao, ile wanayoombea misaada. Mmoja wao anaitwa Yordanka, fundi cherehani, ana binti mdogo, Ralitsa. Majuzi mumewe alikwenda kwa mama yake Yordanka na picha mkononi: Ralitsa yumo jikoni mwa nyumba ile ile ya siri, anakula banitsa, andazi la jibini. Akasema, "Mwambie mwanao mtoto kanenepa. Nakuja kumchukua."

Habari ilipofika, wenzake walimgeukia. Mmoja, Stanka, alimfokea mbele ya watu, "Si umempigia simu wewe! Bado unamtamani, sema tu tujue!" Yordanka alilia akiapa kwa uhai wa mwanawe. Bi Krasteva, mkuu wa nyumba, ndipo akaniita.

Nilipoelezwa picha ile, niliitambua. Ilipigwa siku ya sherehe, ikahifadhiwa kwenye seva, lakini haikuwekwa kwenye ukurasa wowote. Basi niliandika anwani ya folda yenyewe, bila jina la picha yoyote. Seva iliyotengenezwa vizuri hukukatalia hapo. Yetu ilinifungulia kila kitu, majina ya faili yamejipanga kama vyakula kwenye ubao wa mkahawa, uchague upendacho. Picha za watoto zote. Na folda ya pili yake, mchoro wa ukarabati wa paa, wenye jina la mtaa na namba ya nyumba. Kampuni iliyotuhamishia tovuti kwenye seva mpya wakati wa kiangazi haikukumbuka kuzima ruhusa ya kuonyesha orodha hiyo. Yule bwana hakuhitaji ujanja wowote wala nywila ya mtu.

Kuizima ni kubadili neno moja tu kwenye mipangilio. Nikaizima. Nikaziondoa na faili zenyewe, maana hata orodha ikifichwa, anayelijua jina la faili bado anaweza kuifungua. Kisha nikasoma kumbukumbu za seva. Mtu alikuwa ameingia humo tena na tena, folda hadi folda, na mchoro wa paa alikwisha kuuchukua.

Nilimweleza Bi Krasteva. Akanijibu, "Si umeshafunga? Basi yameisha. Tukilitangaza hili, nani atatuchangia tena?" Nikamwambia hayajaisha, kwani kilichochukuliwa hakirudi. Akasema nisiwatie watu hofu, kazi yangu ni kompyuta. Si mtu mbaya, dada. Amezeeka akipiga hodi kwenye milango ya wakubwa, na nadhani amechoka kuliko mimi.

Hata hivyo nilikwenda jikoni, walikokuwa wakimenya pilipili hoho za kuchoma, nikawaambia wote. Halafu Stanka akajifuta mikono kwenye aproni, akamwendea Yordanka, akamwambia, "Nisamehe, shoga. Mdomo huu utaniua." Wakaanza kufungasha. Polisi walikuja, wakaandika maelezo, wakaahidi, wakaondoka. Bi Krasteva aliniambia nisikanyage tena pale.

Wengine wamekwisha kupelekwa miji mingine. Yordanka hana ndugu wala rafiki ambaye mumewe hamjui. Nimekaa naye na binti yake kwangu, lakini jina langu limo kwenye tovuti ile, chini kabisa, kama mtunzaji wake. Jana mwanamume alisimama kwenye kituo cha basi kinachotazama dirisha langu, na basi zikapita asipande.

Sasa nikwambie, dada, niliyokuwa nikiyazungukia. Huyu mwanamke aliyekukabidhi bahasha hii, ambaye pengine bado amesimama hapo uani akikungoja umalize kusoma, ndiye Yordanka. Aliyemshika sketi ni Ralitsa. Nilijua kama ningekuuliza kwanza, ungeniambia nisubiri uzungumze na shemeji, na sikuwa na muda huo. Hatari ipo, sikufichi. Ukiona huwezi, wape chakula, walale, kisha waeleze kwa upole. Yordanka amesema hatakulaumu. Mimi pia sitakulaumu.

Ila usinipigie simu, na majina yao usiyaandike popote.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu, na majirani wote wanaonikumbuka. Wa kwako daima,

Nevena

Nilisahau: mtoto halali taa ikizimwa. Na jamani, wakaribishe ndani kwanza, kuna baridi.