Marahaba Iliyolaza Watu Matopeni

Sefu mtani wangu, hujambo wewe na hilo tumbo lako?

Mimi ndiye bingwa wa shabaha Birmingham nzima, huku Uingereza! Haya, uongo. Mkwe wangu na wenzake wa mtaa wetu wa Erdington walinipeleka shambani kulenga makopo kwa bunduki ya upepo. Nikiwa bado nalenga, mgeni mmoja wa kwetu akatokea nyuma: "Shikamoo, babu!" Nami mtu wa adabu nikageuka, bunduki mkononi: "Marahaba!" Wote wakalala matopeni. "Baba, please, igeuzie kwenye makopo!" mkwe akalia. Nikahamishiwa kwenye kazi ya kuwachemshia chai mpaka nijifunze kuweka bunduki chini kabla ya kuitikia.

Mungu akutunze, mzee mwenzangu. Barazani waambie nilipiga makopo yote. Mimi sijamwambia mtu kwamba mbuzi alikupandisha juu ya paa la choo.