Chumvi ya Majivu na Figo Zangu

Mombasa, Jumapili mchana

Kwa dada yangu mkubwa Loise, Lumakanda,

Kabla sijakusalimia, ujue unasoma barua ya mtu ambaye mizigo ya nchi hii haiingii mpaka yeye akubali. Geti la godauni ni mimi ndiye nafunguanga. Meneja mwenyewe hupiga honi akangoja. Haya, mulembe sana dada. Magoti yanasemaje? Mahindi mmeshapalilia? Mimi nipo, ila kichwa kimevurugika, na ndiyo sababu naandika.

Mwezi uliopita hospitalini walinifunga mashine ya presha mkononi, ikalia, ikazima. Wakaleta ya pili, ikazima. Ya tatu ndiyo ilivumilia, na wauguzi wanne wakaja kushangaa. Daktari, msichana wa rika la binti yako, akasema, "Mzee Ainea, presha imeumiza figo, na figo zikiumia zinapandisha presha."

Nikamuuliza, "Sasa nani alimwanza mwenzake?"

Akacheka tu. Mpaka leo sijui nimlaumu nani.

Akaniandikia vidonge, akakataza chumvi. Nilitii kama askari. Chumvi ya duka niliimwaga majirani wakiona. Ndipo nikakupigia simu, nawe kwa mapenzi ukanitumia kwa basi chupa mbili za musherekha, ile chumvi yetu ya maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Nikasema hii ni ya mababu, figo zitaitambua. Kunde nikapikia, mrenda nikapikia, hata uji nikajaribu.

Juzi nikarudi. Presha imeshuka, daktari akanipongeza. Halafu akatazama karatasi ya damu.

"Mzee, potasiamu imepanda. Ikizidi hapa inaweza kusimamisha moyo. Umeongeza nini kwa chakula?"

Nikasema sijaongeza kitu. Akanipa dawa nyingine, akasema nirudi Jumanne wapime tena. Isiposhuka watanilaza, na pengine nianze mashine ya kuosha damu.

Nje kwenye benchi, mama mmoja wa Mukumu, huko kwetu, aliyesikia ninavyoongea akaniita. "Shemeji, wewe hutumii musherekha?"

"Kidogo."

"Kidogo gani, na wewe ni mtu wa kwetu! Mimi figo zilipouma walinikataza. Hiyo potasiamu imejaa kwa majivu."

Sasa dada, ya duka inapandisha presha, ya nyumbani inaharibu damu. Tule nini, upepo? Dawa nameza, chumvi nimeacha, na bado nimekosea. Tangu juzi sijaigusa. Usitume chupa nyingine, na usijilaumu, ni mimi nilikuomba. Na mama yetu, kwa vile presha inamsumbua pia, aulize kliniki kabla hajaendelea nayo.

Nisalimie mama, na mume wako, mwambie ng'ombe wangu asimkamue kama wake. Na binti yako mwalimu, mwambie mjomba bado ana nguvu za kuangusha lori.

Jumanne nitabeba chupa yenyewe, niiweke mezani kwa daktari, maana mdomo wangu naujua. Juzi aliniuliza mara ya pili, "Kweli hakuna, mzee?" Nikamwambia kwangu tunapikia siagi peke yake. Dada, niliona haya yule msichana ajue kwamba nakula majivu.

Ni mimi ndugu yako,
Ainea