Mafuta kwenye Upinde wa Babu

Jumamosi, jioni

Sijawahi kumwambia mtu. Babu alipokwenda Matai msibani, nilifungua sanduku la fidla yake nikaupaka upinde mafuta ya alizeti. Niliona nywele za upinde zimekauka, nikadhani nausaidia, kama tunavyojipaka wenyewe baridi ikituparua.

Babu, ambaye kumbi nzima za Ulaya zilikuwa zikisimama kumpigia makofi, leo alitaka kutupigia wimbo aliomtungia Bibi. Akaiweka fidla begani, akafumba macho, akavuta. Kimya. Upinde uliteleza tu. Akavuta tena.

"Babu, umeishiwa chaji nini?" kaka Deo akacheka.

Babu hakucheka. Alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Mikono imeniaga, wajukuu zangu." Akamgeukia Mama. "Kesho fidla ipeleke parokiani, wawape vijana. Mimi sipigi tena."

Nikachukua simu ya Mama, nikatafuta. Nimesoma kwa Kiingereza, nikasoma tena kwa Kiswahili, nikidhani sijaelewa. Upinde hupakwa ulimbo mkavu ili ushike nyuzi. Mafuta huua sauti kabisa!

Mikono yake ni mizima. Ni mimi! Na mimi ambaye hata shikamoo hunikwama kooni, nitamwambiaje...

Fimbo yake inagonga sakafu, anakuja huku. Siku zote daftari hili huwa nalificha chini ya godoro. Leo naliacha wazi. Nitasema maneno mawili tu: Babu, soma.