Rangi Juu ya Nzi

Joyness, acha unachofanya usome. Kaka kanipigia simu sasa hivi.

Ile boti kuukuu ya alumini ya kaka Ngassa, kule Lamadi, anayotaka kuiuza, kaipiga msasa siku tatu. Jana akaja Bariadi kutafuta praima, rangi ya kwanza inayoshika alumini, akamwachia shemeji yake Mhoja kazi ya kuosha tu. KUOSHA TU!

Leo karudi, anakuta boti inang'aa buluu. Mhoja anachekelea: "Kazi imeisha, shemeji."

Ngassa akagusa kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama utando wa maziwa. Chini yake magamba ya samaki, shombo, nzi waliokufa. Kapaka rangi juu ya nzi, Joyness! Nzi!

Alipozidi kubandua akakuta ufa umezibwa kwa sabuni ya mche.

"Mnunuzi hataangalia huko," Mhoja akasema, hana hata haya.

Mnunuzi ni mama Eufrasia, anayevusha watoto wa shule. Alikuwa amesimama nyuma yao, kasikia yote.

 Ngassa akampa kikwangulio: "Mama, kwangua mwenyewe uone kila kitu. Ukiitaka bado, fundi ataichomelea mbele ya macho yako."

Mama akakwangua mpaka alumini tupu ikaonekana, akatema mate miguuni pa Mhoja.

"Kesho nakuja," akamwambia Ngassa. "Huyu nisimkute."