Sifuri ya Kalenga

Jumatatu, 7 Machi 1994
Umeme hakuna. Maabara imefungwa; panya wangu wa mwisho walikufa kabla ya Krismasi. Nimebaki na wodi. Kila asubuhi namtaka mgonjwa ayapime maumivu yake, sifuri hadi kumi. Kalenga, mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba kwenye mgodi wa Kamatanda, hana hisia kuanzia kitovuni kushuka, lakini miguu hiyo hiyo humwunguza kama moto. Leo: nane. Nimemwanzishia vidonge vya kutuliza neva. Sanduku moja, zawadi ya mwenzangu wa Ulaya. Jingine halitakuja.

Jumatatu, 21 Machi
Sifuri. Nikauliza tena.
"Sifuri, Prof. Miye niliisha kupona."
Mkewe, Mama Ngoie, akapiga makofi. "Andika basi! Ao kalamu yako nayo iko na njaa?"
Nilicheka. Miaka ya kuunganisha uti wa mgongo wa panya haikuwahi kunipa asubuhi kama hii.

Alhamisi, 24 Machi
Sifuri tena. Nimemwachisha dawa. Vidonge vilivyobaki nimempa mwanamke wa Kapolowe aliyekatwa mguu, ambao bado humwunguza kana kwamba upo. Ameondoka navyo kwenda kwao. Uamuzi wa busara.

Jumanne, 29 Machi
Sifuri. Lakini nilipofunua blanketi niliona ukingo wake umetafunwa, nyuzi zimelowa mate. Shati limeloa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nikamvuta Mama Ngoie kando. Alinieleza bila kusita: kikundi cha maombi kilimwekea mumewe mikono, kikatangaza amepona. Tangu hapo haruhusiwi kuyataja maumivu. Kuyataja ni kuyaita yarudi.
"Akisema inamuuma, Prof, atakuwa amekatala Mungu."
Desturi hiyo naijua. Dada yangu huishi hivyo. Husema "nimepona" huku akitetemeka kwa homa. Sikuitia katika hesabu. Panya hawakuwa na kanisa.
Huenda dawa ilimsaidia. Sitajua. Nimemnyang'anya kwa sababu ya neno moja, nikajipongeza.

Jumatano, 30 Machi
Nilimtafuta dereva wa kwenda Kapolowe kuomba vidonge virudishwe. Nimeghairi. Yule mwanamke naye anaungua. Aibu.

Jumamosi, 9 Aprili
Leo sikumwuliza Kalenga kuhusu maumivu yake. Nilimwuliza hivi: yule mtu aliyelala kitanda hiki kabla ya maombi, yule Kalenga ambaye alikuwa bado hajapona, alikuwa anahisi nini?
Alimtazama mkewe kwanza.
"Ule muntu? Ah, Prof. Ule alipata mateso. Sawa vile unaweka muguu mu moto, na banakukatalia kuutoa."
Mkewe aligeukia dirisha. Hakumkataza.
Aliendelea. Moto hupanda kutoka nyayoni, hukaa magotini, huongezeka mvua inapokaribia. Sikuomba namba. Mama Ngoie alituletea viazi vitamu, tukala sote kwenye sahani moja. Kalenga alizungumza juu ya yule mtu mpaka akasinzia, blanketi likiwa mbali na kinywa chake.